Pinboli ya kujitengenezea: maneno ya mtaani na ukweli wenyewe

Wana Mtwara mnaotaka kuunda nyumbani kabati la pinboli, ile gemu ya kupiga mpira usizame chini, hii ikichezwa kwenye kompyuta ndani ya kabati, kuna maneno kibao yanazunguka kwenye vibanda vya gemu hapa Chikongola, mengi hayana kichwa wala miguu.

Eti pinboli ni bahati tu, batani za nini? Hiyo ni ya zamani, kabla flipa, vile vibao vya kurudisha mpira juu ukibonyeza batani, hazijaja mwaka 1947 na mashine ya Humpty Dumpty ya kampuni ya Gottlieb.

Eti Arduino yoyote, ile bodi ndogo ya kuunganisha batani na kompyuta, itafaa. Hapana bwana. Leonardo au Pro Micro kompyuta inaiona kama kibodi moja kwa moja, unavuta waya toka pini hadi kwenye batani, mwingine unaupeleka GND (pini ya ardhi), na rizista hununui maana ya ndani ipo, unaiwasha kwenye kodi tu. Uno ya zamani (R3) haifanyi hivyo kirahisi, utahangaika bure.

Eti flipa zikigoma katikati ya gemu basi batani mbovu. Hapa wengi wanafumua waya wazima kabisa! Visual Pinball, programu ya pinboli ya kompyuta, flipa zake kwa kawaida ni Shift ya kushoto na ya kulia, sasa Windows ukiigonga Shift mara 5 mfululizo inakuletea kidirisha cha Sticky Keys (msaada wa kibodi), gemu inakaa nyuma na mpira ndo huo unazama. Kazime kwenye setingi.

Eti batani inayolia "ka!" ndo orijino. Mi nasema chukua swichi ya vibapa viwili vya chuma vinavyogusana ukibonyeza, ile haina kelele na unaikunja kidogo kwa koleo uamue mwenyewe ishike wapi, kidole kinaisikia kabisa. Ila angalia ncha zake: za tungsten ni za mashine za kizamani zenye umeme mkubwa, kwenye volti 5 zinashika zikitaka, tafuta zilizopakwa dhahabu, na hizo ukizipiga msasa umeziua, hata kama chumvi ya bahari ya Shangani imekutia hofu ya kutu.

Eti flipa zikichelewa kuitika ni waya mrefu. Waya wa mita moja hauna shida yoyote, mchawi ni TV inayorembesha picha kwanza ndo ikuonyeshe, weka gemu modi kwenye setingi za TV.

Plunja, ile fimbo ya kuvuta na kuachia kurusha mpira, je? Batani inatosha kuanzia. Ukitaka kuvuta kwa mkono funga potenshomita ya kuteleza (rizista unayoibadilisha kwa kusogeza) ya kilo-om 10, Leonardo inaisoma toka 0 hadi 1023, springi kawaulize mafundi baiskeli.