Je, Wajua Kwa Nini "Vumbi" Linaloleta Nguvu za Kiume kwa Nusu Saa Linatia Shaka?

Jua likizama Dar es Salaam, wauza supu ya pweza huwasha majiko yao. Mchana kutwa, meza za mihogo mibichi, vipande vya nazi na karanga mbichi hazikosi wateja. Mnunuzi hasemi anatafuta nini, na muuzaji haulizi. Mwenye haraka zaidi hununua vumbi la Kongo, ule unga wa mizizi unaofungwa kwenye vikaratasi, akiambiwa kwamba ndani ya nusu saa ataona mwenyewe. Wengine huona kweli, na hapo ndipo shaka inapoanzia.

Mtaani, uume usiposimama, husemwa jogoo hapandi mtungi. Basi tuanze na namna anavyopanda. Uume wa binadamu hauna mfupa. Kinachousimamisha ni damu. Mwanaume akipata ashiki, neva na utando wa ndani wa mishipa ya damu hutoa gesi iitwayo naitriki oksaidi. Gesi hiyo hulegeza kuta za mishipa, mishipa ikatanuka, damu ikajaa kwenye nyama iliyo kama sponji. Nyama ikishavimba, huibana mishipa inayorudisha damu, nayo damu ikabaki humo. Wanasayansi watatu wa Marekani, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kugundua kazi ya gesi hiyo mwilini.

Mwaka huohuo Marekani iliidhinisha sildenafil, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Viagra. Awali ilikuwa ikijaribiwa kutibu maumivu ya kifua ya wagonjwa wa moyo. Kazi yake ni kuzuia kimeng'enya kinachokatiza kazi ya gesi ile, na huanza kufanya kazi baada ya nusu saa hadi saa moja.

Nusu saa, tena! Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imekuta mara nyingi bidhaa zinazouzwa kama za asili zikiwa zimechanganywa kisirisiri na sildenafil au dawa ndugu yake, tadalafil. Sisemi kila kikaratasi cha vumbi kina kidonge kilichosagwa. Ila unga unaokwenda kwa saa ya kidonge una maswali ya kujibu, na kwenye kikaratasi hakuna palipoandikwa kipimo. Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za nitrati, zile za kutanua mishipa, akilamba mchanganyiko kama huo, presha yake inaweza kuporomoka ghafla hadi akapoteza maisha.

Sasa, kwa nini jogoo aanze kushindwa? Sababu ni nyingi, lakini kubwa iko kwenye mabomba. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ina upana wa milimita 1 hadi 2, ilhali ile inayolisha moyo ina milimita 3 hadi 4. Sigara, kisukari, presha na lehemu (mafuta ya kwenye damu) huharibu mishipa ya mwili mzima, na bomba jembamba ndilo linaloziba mapema. Ndiyo maana tatizo la chumbani linaweza kutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka kadhaa. Kisukari ni kibaya zaidi, kwa kuwa huua na neva pia. Daktari anayekuuliza habari za kifua na kukupima sukari, wakati wewe umemfuata kwa jambo jingine, hajapotea njia. Na kama unashuku dawa yako ya presha, maana zipo zinazochangia, mwambie akubadilishie, usiiache kimyakimya.

Njia ya asili yenye ushahidi, kwa hiyo, ni ile inayosafisha mabomba, nayo haina haraka. Watafiti wa Naples, Italia, walitoa matokeo yao mwaka 2004 baada ya kufuatilia kwa miaka 2 wanaume 110 wanene wenye tatizo hili. Nusu yao walielekezwa kwa kina namna ya kupunguza chakula na kufanya mazoezi, wakatoka chini ya saa 1 hadi zaidi ya saa 3 za mazoezi kwa wiki. Kati yao 55, 17 walirudi katika hali ya kawaida. Katika kundi la pili lililopewa ushauri wa jumla tu, 3. Hakuna aliyelamba unga.

Pweza je? Ana protini na madini ya zinki, na supu yake ni tamu, basi. Tikiti maji lina kiini kiitwacho sitrulini ambacho mwili hukitumia kutengeneza naitriki oksaidi, ila vipimo vilivyoonyesha nafuu vilitumia sitrulini yenyewe, si vipande viwili vya tikiti.

Wapo pia ambao mabomba yao ni mazima. Kijana anayeamka alfajiri akiwa amesimama vizuri, kisha usiku akashindwa mbele ya mwenza wake, mara nyingi anasumbuliwa na hofu, madeni au ugomvi wa nyumbani. Huyo humsaidia zaidi mazungumzo na usingizi wa kutosha.

Lipo na zoezi moja ambalo wachache hulitaja. Kaza misuli kama unayezuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, hesabu polepole hadi tano, achia, rudia mara kadhaa kutwa. Uingereza, wanaume 55 walifundishwa mazoezi ya misuli hiyo pamoja na kubadili mwenendo wa maisha. Baada ya miezi 6, asilimia 40 walikuwa wamepona kabisa. Hayahitaji uwanja wala raba. Unaweza kuyafanya ndani ya daladala kutoka Mbagala hadi Kariakoo, na jirani yako wa siti asijue lolote.