Kanvasi nyeupe si ukuta wa kupiga rangi

Ikionyeshwa picha ya kanvasi nyeupe iliyotundikwa makumbusho, hapa Mtwara utasikia neno lilelile: "Ikichafuka si wanapiga rangi nyingine tu?" Wengi wanaosema hivyo ni watu wa brashi, na hilo ndilo linaloniudhi.

Zipo zinazopakwa upya, kweli. Mchoraji wa Marekani, Robert Rauschenberg, alitengeneza michoro yake myeupe mwaka 1951, akitaka uso usio na alama ya mkono: rangi ya nyumba, rola, basi. Kazi ya michoro hiyo ni kupokea mwanga na vivuli vya chumba. Likiingia doa, jicho linaganda kwenye doa. Ndiyo maana aliruhusu zipakwe tena, na miaka ya 1960 msaidizi wake, Brice Marden, alizipaka. Lakini ruhusa ile ni ya kazi zile. Mchoraji mwingine, Kazimir Malevich, mwaka 1918, aliweka mraba mweupe wa ubaridi, yaani wenye dalili ya bluu, juu ya weupe wenye joto kidogo, na mipigo ya brashi inaonekana. Pitisha rola pale na hakuna mchoro tena, maana mchoro wenyewe ni tofauti ya weupe wawili.

Hata kwa Rauschenberg nasitasita. Iliyopakwa upya tuiandikie mwaka gani? Mimi ningeandika yote miwili: mwaka wa wazo na mwaka wa rangi.

Inayotesa kuliko zote ni kanvasi isiyopakwa chochote, pamba mbichi iliyowambwa kwenye fremu. Hiyo hupaki wala hufui. Kila kosa la fundi litabaki usoni. Mbao iwe kavu, na upande wa mbele uchongwe mteremko ili kitambaa kiguse ukingo wa nje peke yake. Usipochonga, baadaye mstari wa mbao utajichora mbele. Anza kubana katikati ya upande mmoja, vuta upande unaotazamana nao, kisha sogea taratibu kuelekea pembeni. Ukianzia pembeni nyuzi zinapinda, na kwenye kanvasi tupu nyuzi ndizo mchoro. Pini za stepla ziwe za chuma kisichoshika kutu. Kwa upepo wa chumvi wa Shangani hapa Mtwara, pini za kawaida zitatoa kutu, na kutu ikiingia kwenye pamba imeingia.

Vaa glovu safi. Alama ya kidole huioni siku ya kwanza. Mafuta yake hugeuka manjano polepole, na wakati huo hakuna anayekumbuka nani alishika. Kinyago cha mpingo kikishikwashikwa kinazidi kung'aa. Pamba haina msamaha huo.

Halafu unyevu. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 kwa muda mrefu, ukungu unaota. Usiegemeze kanvasi kwenye ukuta wa nje, hasa kuta za matumbawe kama za nyumba za kale za Mikindani. Weka vipande vya koki, ile ya kuzibia chupa, nyuma ya fremu, hewa ipite kama sentimita 2. Ukungu ukiota, usifute kwa kitambaa cha maji: maji husukuma uchafu hadi yanapokomea, yakikauka yanaacha mzingo wa kahawia. Acha ukauke kabisa, kisha brashi laini na mashine ya kuvuta vumbi iliyofungwa wavu mdomoni. Doa likibaki baada ya hapo, mimi naliacha. Vitabu vina dawa za kung'arisha, lakini dawa hizo zinakula nyuzi, na sioni faida ya weupe unaochanika.

Mwanga nao una mambo yake. Weupe wa rangi ya mafuta hugeuka manjano ukifungiwa gizani, na ukitolewa kwenye mwanga hurudi kiasi. Pamba mbichi ni kinyume: mwanga mwingi hudhoofisha nyuzi zake, na nguvu hiyo hairudi. Kwa hiyo ukizifungia zote mbili kwenye stoo moja yenye giza ukidhani umezitunza, ile ya mafuta unaiharibu.