"Atajiua Tu Hata Ukimzuia": Maneno Ninayosikia kwa Wenye Biashara Ndogo, na Ukweli Wenyewe

Nafanya mahesabu ya biashara ndogo hapa Tacoma, jimbo la Washington. Wateja wangu wana malori, saluni, migahawa, nyumba za kulea wazee, wengi ni watu wa kwetu, na pia nashika vitabu vya mashirika yanayojaribu kuzuia maveterani wasijiue. Kambi ya Lewis-McChord iko hapa hapa jirani, kwa hiyo kila mwenye biashara ana dereva, mteja au shemeji aliyewahi kuvaa gwanda. Na msidhani ni habari ya Wamarekani peke yao. Kuanzia 2009 hadi 2016 jeshi la Marekani lilikuwa na mpango unaitwa MAVNI wa kuandikisha wageni wanaojua lugha fulani, Kiswahili kikiwemo, vijana wetu wakaingia, na leo hao ndo maveterani tunaowaongelea.

Sasa kila ikikaribia Novemba 11, siku ya maveterani hapa Marekani, wateja wananiuliza, dada, tusaidie shirika gani? Swali zuri sana na nalipenda. Nawaonyesha bajeti ya shirika, wanasoma vizuri tu, wakifika kwenye mstari wa sefu ndogo na kufuli za silaha wanasimama. Alafu linakuja lile neno: "Hii ya nini? Mtu akishaamua kujiua atajiua tu, ukimfungia bunduki leo kesho atatafuta njia nyingine. Hela yangu iweke kwenye fulana na mbio za hisani."

Nimelisikia kwa wenye malori, kwa wachungaji, kwa watu wenye digrii, nimechoka nalo kabisa, kwa hiyo leo nalijibu kwa urefu na mengine nitayapitia haraka.

Kwanza hiyo picha ya mtu "aliyeshaamua" sio sahihi. Wengi wanaofika pale hawajakaa na uamuzi mmoja miezi mitatu, wako katikati, nusu yao inataka maumivu yaishe na nusu inataka kuishi, na ile hali kali kabisa inapanda na kushuka. Kuna utafiti wa Austria uliotoka 2009, waliwauliza watu waliojaribu wakanusurika, tangu wazo lile lilipokuja mpaka kujaribu ilipita muda gani, karibu nusu walisema dakika 10 au pungufu. Dakika 10 jamani! Hapo ndo unaelewa kwa nini kufuli ina maana, kwa sababu funguo ikiwa kwa kaka yake mtaa wa pili, kwenda kuichukua tu inakula zile dakika, na akifika kule anakutana na mtu anayemuuliza kulikoni.

Pili, hili la "atatafuta njia nyingine kesho" limepimwa, tena zamani. Kule San Francisco walifuatilia watu 515 waliozuiwa kujiua kwenye daraja la Golden Gate kati ya 1937 na 1971. Matokeo yalitoka 1978, na takriban asilimia 94 walikuwa bado hai au walikufa kifo cha kawaida. Watu wale walizuiwa mara moja, na miaka mingi baadaye wengi mno walikuwa bado wanaishi. Tafiti nyingine za watu walionusurika zinaonyesha kitu kile kile, karibu 9 kati ya 10 hawaji kufa kwa kujiua baadaye. Kwa hiyo mtu akiniambia kumzuia ni kuahirisha tu, namuomba aniletee namba zake, mimi zangu ni hizo.

Tatu, na hili linagusa wanajeshi moja kwa moja. Mwaka 2006 jeshi la Israel lilibadilisha utaratibu mmoja mdogo sana, askari wakienda nyumbani wikiendi waache bunduki kambini. Vifo vya kujiua kwa askari vikashuka kama asilimia 40, na kushuka kwenyewe kulikuwa hasa siku za wikiendi, siku za katikati ya wiki hazikubadilika sana. Wangekuwa wanatafuta njia nyingine tungeona vifo vinahama tu, havikuhama.

Na kwa maveterani wa Marekani hii sio pembeni, ndo kiini chenyewe. Mwaka 2022 zaidi ya 7 kati ya kila 10 waliojiua walitumia silaha ya moto, na ubaya wa silaha ni kwamba haimwachii mtu nafasi ya kubadili mawazo. Kwa hiyo shirika likikuambia dola zako zitanunua sefu ndogo na kumlipa veterani mwenzao aende nyumba kwa nyumba kuongea na familia kuhusu namna ya kuhifadhi silaha, usione ni kitu cha pembeni. Na hakuna anayenyang'anywa kitu, hili nalisema kwa sauti kubwa kwa sababu linavuruga mazungumzo kila mara: ni hiari, silaha inabaki mali yake, kinachoongezwa ni muda na umbali mpaka kile kipindi kibaya kipite. Kufuli za waya VA, ile idara ya serikali inayohudumia maveterani, wanazitoa bure hata leo, sefu ndo inataka hela.

Hapa biashara ndogo ina nafasi ambayo hata serikali haina, na mfano wangu wa siku zote ni maduka ya silaha yenyewe. Mwaka 2009 kule New Hampshire, watu watatu wasiojuana walinunua silaha kwenye duka moja mjini Hooksett ndani ya wiki isiyotimia, kila mmoja akafa ndani ya masaa machache. Mwenye duka hakusema "wangejiua tu." Alikaa na wataalamu wa afya na wauzaji wenzake, wakatengeneza mabango na vipeperushi vya kuweka kwenye kaunta, vya kumsaidia muuzaji atambue mnunuzi aliye kwenye hali mbaya na ajue anaruhusiwa kukataa kumuuzia. Walipokuja kukagua baadaye, karibu nusu ya maduka ya silaha ya jimbo zima yalikuwa yameweka walau kimoja. Gharama ya karatasi na wino! Hapa kwetu Washington kuna ramani onlaini ya maduka na vituo vya polisi vinavyokubali kukuhifadhia silaha kwa muda. Sheria za kumkabidhi mtu mwingine silaha zinatofautiana jimbo kwa jimbo, kwa hiyo uliza kwanza kabla hujambebea rafiki yako.

Ngoja niongeze kitu kingine kinachodharauliwa kwenye bajeti: stempu na simu. Daktari mmoja wa San Francisco, Jerome Motto, aliwachukua wagonjwa 843 waliotoka hospitali wakakataa kuendelea na matibabu, nusu akawaandikia barua fupi fupi kwa miaka mitano, za kuwajulia hali tu bila kudai chochote, nusu hakuwaandikia. Walioandikiwa walijiua wachache zaidi, hasa ile miaka miwili ya kwanza. Barua ya mistari michache! Alafu mteja wangu anaona "postage na mawasiliano dola 900" anasema shirika linachezea hela.

Haya, mengine sasa.

"Si wanakufa 22 kila siku?" Hiyo namba ilitoka kwenye ripoti ya VA ya 2012, na ilijengwa kwa data za majimbo 21 tu. Kwa 2022 VA walihesabu maveterani 6,407, yaani kati ya 17 na 18 kwa siku. Bado ni wengi mno, hakuna sababu ya kuwaongeza. Mimi binafsi siipendi kwenye fulana, kwa sababu veterani anayepita dukani kwako anasoma kwamba watu kama yeye wanakufa ndo kawaida yao, na hajaambiwa apige simu wapi. Ukitaka lazima uchapishe namba, chapisha ya simu ya msaada kwa anayefikiria kujiua: 988 kisha bonyeza 1 kwa veterani, au ujumbe mfupi kwenda 838255. Iweke kwenye risiti, kwenye mlango wa choo, kwenye kikombe cha kahawa, huko mtu anaisoma akiwa peke yake.

"Ni wale waliopigana Iraq na Afghanistan." Sio lazima. Utafiti mkubwa uliotoka 2015, wa wanajeshi milioni 3.9, haukukuta uhusiano kati ya kupelekwa vitani na kujiua, uliukuta kwenye kutoka jeshini, hasa kwa waliotoka mapema au walioachishwa kwa matatizo. Na tukihesabu vichwa, mwaka 2014 kama asilimia 65 ya maveterani waliojiua walikuwa na miaka 50 kwenda juu. Kwa hiyo yule mzee wa Vietnam anayekuja kunyoa kila Ijumaa anahusika, na yule kijana aliyetoka jeshini mwaka jana na hana kazi anahusika zaidi ya unavyodhani. Una lori linakaa bila dereva, mpe kazi. Kwangu mimi ajira yenye ratiba na wenzako wanaokutegemea ni mchango mkubwa kuliko cheki nyingi ninazoziandika.

"Ukimuuliza utamtia wazo kichwani." Hapana. Mwaka 2014 walipitia tafiti 13 za swali hili hili, hakuna hata mmoja uliokuta kuuliza kunaongeza mawazo ya kujiua kwa kiwango cha maana, na baadhi zilionyesha kunapunguza. Lakini sisi Waswahili tunazunguka, "eti ndugu, huna mawazo mabaya wewe?", swali linaloomba jibu la hapana. Uliza wazi: unafikiria kujiua? Alafu nyamaza umsikilize, kaa naye, piga 988 mkiwa pamoja. Ukilipia mafunzo ya masaa machache kwa wafanyakazi wako wote, kuanzia mpishi mpaka wa kaunta, umefanya kitu cha maana.

"VA si wapo." Wapo, na wanafanya kazi kubwa, ila takriban 6 kati ya 10 ya maveterani wanaojiua hawakuwa wametibiwa VA mwaka ule wala ule uliotangulia. Hao ndo mashirika madogo yanawafuata mitaani. Na hili wengi hamlijui: tangu Januari 17, 2023 veterani aliye kwenye hali ya hatari ya kujiua anaweza kwenda hospitali yoyote, ya VA au isiyo ya VA, akatibiwa bure, mpaka siku 30 za kulazwa na 90 za kutibiwa akitokea nyumbani, hata kama hajawahi kujiandikisha VA. Masharti yapo kuhusu muda aliotumikia na alivyoachishwa, lakini wengi wanaingia. Msimwache mtu nyumbani kwa kuogopa bili.

"Wanapata hela za serikali, zangu za nini?" Upo mfuko wa VA unaobeba jina la Parker Gordon Fox, mwaka 2022 ulitoa mpaka dola 750,000 kwa shirika, na mashirika yaliyopata yalikuwa 80 nchi nzima. Yaliyobaki hayakupata. Na waliopata wamefungwa na masharti ya namna ya kuitumia, na wakati mwingine mtu anahitaji tairi tu ili afike kwa mshauri wake kesho asubuhi. Dola 300 za saluni yako zinaweza kulipia hilo.

"Nataka kila senti iende kwa veterani mwenyewe." Mshauri anayepokea simu saa nane usiku analipwa mshahara, na mshahara wake ndo huduma yenyewe. Cha kuogopa ni kitu kingine kabisa. Mwaka 2018 shirika la Help the Vets lilifungwa, lilikuwa linaahidi hata mpango wa kuzuia kujiua, lilikusanya zaidi ya dola milioni 20 kati ya 2014 na 2017, na asilimia 95 iliishia kwenye kuchangisha, utawala na malipo ya mwanzilishi wake. Angalia jina kwenye tovuti ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ya mashirika yaliyosamehewa kodi, soma fomu 990 yao, yaani ripoti yao ya hesabu ya kila mwaka, kisha piga simu uulize: mwezi uliopita mliongea na maveterani wangapi, na anayewapigia tena ni nani? Wanaofanya kazi kweli wanakujibu hapo hapo.

Na la kodi, kwa sababu mwisho wa yote ndo kazi yangu. Ukitoa dola 1,000 haurudishiwi 1,000, kinachoweza kupungua ni kipato kinachotozwa kodi tu. Kama biashara ni yako peke yako bila kuwa kampuni inayojilipia kodi, mchango unaingia kwenye ritani yako binafsi, hauendi kwenye gharama za biashara, ila ukilipa uwe sponsa na jina lako likatangazwa, hiyo inaweza kuhesabika kama tangazo. Masaa yako ya kujitolea hayakatwi hata uwe fundi wa aina gani. Mchango wa dola 250 na zaidi unahitaji barua ya shirika, picha ya cheki haitoshi. Na ukitaka kubandika "dola moja ya kila sahani kwa maveterani" dirishani, andikianeni mkataba na shirika kwanza, baadhi ya majimbo yanadai hata usajili kabla ya tangazo la namna hiyo. Niletee huo mkataba Oktoba, usisubiri wiki ya Novemba 11.