Kompyuta ikikokotoa, hisabati ya nini?

Kila msimu wa kuchagua kozi nasikia swali lilelile kuhusu shahada ya pamoja ya hisabati na sayansi ya kompyuta, mara nyingine kabla mwanafunzi hajaketi: "Mwalimu, si kompyuta ndiyo inayokokotoa? Hisabati zote hizi za nini?" Nimelijibu kwa mdomo mpaka nimechoka, sasa naliandika.

Anayeuliza hivyo anadhani hisabati ya chuo kikuu ni kukokotoa. Siyo. Kazi kubwa huko ni kuthibitisha. Chukua n² + n + 41. Ukiweka 0 unapata 41, namba tasa. Ukiweka 1 unapata 43, ukiweka 2 unapata 47. Andika programu fupi ijaribu mpaka 39: majibu yote 40 ni namba tasa. Hapo wengi hufunga daftari wakiwa wameridhika. Weka 40 sasa. Jibu ni 1,681, yaani 41 × 41. Tena kuliona hilo hakuhitaji mashine yoyote: 40² + 40 ni 40 × 41, ongeza 41 moja zinakuwa 41 mara 41. Kompyuta ilijaribu tu, haikueleza sababu. Na programu yako ndivyo ilivyo: kufaulu majaribio 40 si hakikisho la jaribio la 41. Ndiyo maana nasisitiza induksheni: unathibitisha jambo kwa namba ya kwanza, kisha unaonyesha kwamba likishika kwa namba yoyote, linashika pia kwa inayofuata. Aliyeielewa vizuri haihangaikii rekasheni, yaani programu kujiita yenyewe kwa tatizo dogo zaidi, maana hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja.

Isitoshe, mwanahisabati Mwingereza Alan Turing alieleza mashine yake ya kufikirika ya kukokotoa mwaka 1936, kabla ya kompyuta za kielektroniki, akijibu swali la hisabati. Anayesema amekuja kusoma kompyuta na hisabati ataivumilia tu, anamkana mzazi.

Eti lazima uwe tayari unajua kuandika programu? Hapana. Lugha ya programu utafundishwa. Ninaowaona wakikwama ni wenye aljebra dhaifu.

Eti ni mzigo wa shahada mbili? Mantiki, nadharia ya seti na uwezekano vinatumika pande zote mbili. Unachopoteza zaidi ni nafasi ya kuchagua masomo mengine, na hilo lipime kweli.

Eti mwisho wake ni ualimu? Ualimu ni kazi njema, lakini mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman walitumia namba tasa kubwa kutengeneza RSA, mfumo wa kuficha ujumbe uliokuja kutumika sana kulinda mawasiliano ya intaneti. Nayo mifumo ya kujifunza kwa mashine, yaani kompyuta kujifunza kutoka kwenye data, imejaa matriksi (majedwali ya namba), kwa hiyo aljebra ya mstari, inayoshughulika na majedwali hayo, usiiahirishe hata muhula mmoja.

Kabla hujaja kuniuliza tena, shika kalamu utafute kigawo kikubwa cha shirika cha 1,071 na 462 kwa algoriti ya Euclid: gawanya kubwa kwa ndogo, kisha ndogo kwa baki, uendelee hivyo mpaka baki iwe 0; kigawanyo cha mwisho ndicho jibu. Mara 3 tu za kugawanya, unafika 21. Kisha njoo unieleze kwa nini algoriti hiyo haiwezi kuendelea bila kikomo, kwa namba zozote mbili nitakazokupa. Angalia baki.