Turbo ndogo kwa uwanja mfupi: Starlet yetu ya otokrosi hapa Arusha

Siku ya kwanza tulipoipeleka Starlet uwanjani, upande wa Kisongo, dereva wangu, ambaye ni mpwa wangu, alizunguka raundi moja, akarudi kwenye mstari, akazima injini na kusema, "Mjomba, gari linalala." Nilikuwa nimesimama kando na saa mkononi, nami nilishasikia. Alikuwa akitoka kwenye kona anakanyaga mafuta mpaka mwisho, injini inaguna kwa muda, halafu mluzi wa turbo unaanza kupanda wakati tayari anatakiwa kushika breki ya koni inayofuata. Nguvu ilikuwapo, ila ilifika kazi ikiwa imeshaisha.

Kosa lilikuwa langu, na nalieleza kwa kirefu kwa sababu vijana wengi wanaokuja gereji wananiomba nilirudie. "Fundi, nifungie turbo kubwa." Nawauliza kwanza wanakwenda kushindana wapi.

Huku kwetu tumelelewa na rali. Safari ilipoanza mwaka 1953 ilikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, na mpaka leo mtu wa Arusha akisikia gari la mashindano anawaza barabara ndefu ya vumbi na gari lililo gia ya tano. Otokrosi ni kitu kingine. Unapewa uwanja, koni na saa, na ndani ya dakika moja hivi umemaliza. Afrika Mashariki tunakimbia kwenye udongo. Marekani hukimbia zaidi kwenye lami ya maegesho makubwa, na huko ukiangusha koni mara nyingi unaongezewa sekunde 2. Kona zinafuatana kiasi kwamba gia ya tatu unaigusa mara moja, au huigusi kabisa. Gari linashuka hadi kilomita 40 kwa saa, linapanda kidogo, linashuka tena.

Piga hesabu ya gari letu. Kwa gia ya pili na matairi ya rimu 14, kilomita 40 kwa saa ni kama mizunguko 3,000 ya injini kwa dakika. Hapo ndipo mpwa wangu anapokanyaga mafuta akitoka kwenye kona. Kwa hiyo ninachotaka kujua kuhusu turbo yoyote ni kama ikifika 3,000 imeshaamka. Habari ya nguvu zake za juu, yaani farasi, nitaiulizia baadaye.

Injini tuliyofunga ni 4E-FTE ya mtumba kutoka Japani, ile ya Starlet GT: sentimita za ujazo 1,331, farasi 135 ilipotoka kiwandani, ndani ya gari lisilofika kilo 900. Starlet nyingi zilizojaa mjini hapa zina 4E-FE, ndugu yake asiye na turbo, ndiyo maana kuibadilisha hakuhitaji kukata bodi. Shida ilianza nilipoivua turbo yake ya kiwandani, CT9, nikaiona ndogo kama ngumi ya mtoto, nikaweka nyingine iliyotoka kwenye injini ya lita 2.

Turbo ina magurudumu mawili kwenye shafti moja. Moshi wa ekzosi unazungusha tabini, tabini inazungusha kompresa, kompresa inasukuma hewa kwenye injini. Gurudumu kubwa ni zito na linataka moshi mwingi, na injini ya lita 1.3 ikiwa kwenye mizunguko 3,000 haina moshi huo. Ile kubwa ilikuwa inaamka kwenye 4,500. Kwenye barabara ya kwenda Monduli ilikuwa raha tupu. Kwenye koni ilikuwa mzigo.

Nikatafuta CT9 nyingine, maana ile ya mwanzo nilikuwa nimeshaiuza. Ya kwanza niliyopata niliuziwa kwa bei ya mpya, imesafishwa, imepakwa rangi ya fedha. Nilipofika gereji nilishika ncha ya shafti kwa vidole viwili. Ukiitikisa juu na chini, mchezo mdogo ni halali, kwa sababu beringi zake huelea ndani ya oili. Ukiivuta na kuisukuma kwa urefu wake, vidole visihisi kitu. Hii ilitembea mpaka nikasikia tik. Nikamulika tochi ndani: ncha za mapezi ya kompresa ziling'aa upande mmoja, zilishakula ukuta wa nyumba yake. Fanya jaribio hilo palepale dukani kabla hujatoa hela, hata muuzaji akikununia. Mimi niligharimika mara mbili.

Jambo la pili ni mwinuko, na hapa ndipo ushauri mwingi wa mtandaoni unapotupoteza, kwa kuwa umeandikwa na watu wa pwani. Arusha tuko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa ya kawaida Tanga ni kilopaskali 101. Hapa ni kama 86. Gari lisilo na turbo linapoteza karibu asilimia 15 ya pumzi yake kabla halijaondoka getini. Lenye turbo linaweza kuirudisha pumzi hiyo, ila turbo italipia. Geji ya turbo ikisoma ba 0.8, Tanga kompresa inazidisha hewa mara 1.8 hivi, Arusha mara 1.9 na ushee. Geji ni ile ile, kazi imeongezeka, na hewa inatoka ya moto zaidi. Kwa hesabu yangu, hewa iliyoingia na nyuzi 27 inatoka kwenye kompresa ikiwa imepita nyuzi 110, kabla ya kufika kwenye intakula, kile kipoza hewa kilicho kati ya turbo na injini.

Halafu tukashuka Moshi. Ni kilomita 80 tu, lakini unashuka mita 500 na zaidi. Westigeti ya springi, ile inayofungulia moshi upite pembeni shinikizo likifika kikomo, haijui uko wapi: inalinganisha shinikizo la turbo na hewa ya nje. Geji ilisoma 0.8 vilevile kama Arusha. Lakini hewa ya Moshi ni nzito zaidi, karibu kilopaskali 91, kwa hiyo jumla iliyoingia kwenye silinda ilipanda kama asilimia 3. Asilimia 3 si kitu, ungesema, ila jumlisha na joto la Moshi la saa nane mchana.

Huwa nafunga kipande cha bomba la shaba kwenye bloku, kilichobamizwa ncha na kutobolewa ili bolti ipite, kisha mpira mwembamba kutoka kwenye bomba hadi kwenye viziba masikio vya kiwandani. Ukivaa unaisikia injini kama daktari anavyosikiliza kifua. Arusha nilikuwa nikisikia ngurumo moja, nzito, safi. Moshi, gari likiwa gia ya tatu kwenye mizunguko 4,000, nilisikia juu ya ile ngurumo sauti kavu, kama punje za mahindi zikidondokea sufuria. Hiyo ni injini inagonga: mafuta yanalipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujayafikia. Pistoni haivumilii hayo kwa muda mrefu. "Achia! Achia mafuta!" nilimpigia kelele mpwa wangu, tukarudi taratibu hadi kwenye kivuli, nikachelewesha moto wa plagi nyuzi 2 na kushusha shinikizo hadi 0.7. Tangu siku hiyo gari lina ramani mbili, yaani mipangilio miwili ya injini, kwenye kontrol boksi, ya Arusha na ya Moshi, na stika kwenye dashibodi inayosema ni ipi imewekwa.

Vumbi nitalipitia haraka kwa sababu halina mjadala. Shafti ya turbo ndogo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na majivu ya volkano yaliyoko Kisongo yanakula mapezi ya kompresa kama msasa. Filta ifungwe kwenye boksi lake, ipate hewa ya juu, na kila klampu ikazwe. Ile koni ya filta iliyo wazi ndani ya boneti inapendeza kwa macho, basi.

Oili ndiyo iliyonikosesha usingizi. Gari likigeuka kwa nguvu kwenye kona ndefu, oili yote inahamia upande mmoja wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na pampu inavuta hewa. Injini inaweza kuvumilia nusu sekunde. Beringi ya turbo inayoelea kwenye oili haiwezi. Tulikata sampu, tukachomelea vizuizi vya bati vyenye milango midogo inayoruhusu oili kwenda katikati na kuizuia isitoke. Taa ya oili iliyokuwa ikimeta kwenye mzunguko wa kushoto haijawaka tena. Raundi ikiisha dereva hazimi injini hapohapo, anaiacha inguruma taratibu dakika moja au mbili, maana ukiizima turbo ikiwa nyekundu, oili iliyobaki ndani inaungua na kuwa mkaa.

Sasa kupima. Hili ndilo ninalolijali kuliko yote, na ndilo linalorukwa. Watu wanabadilisha matairi, springi na shinikizo la turbo usiku mmoja, asubuhi wanakimbia, muda unashuka, wanashangilia. Ukiwauliza kipi kimesaidia, hawana jibu, na pengine kimoja kati ya hivyo vitatu kimewaharibia.

Sisi tunabadilisha kitu kimoja. Raundi tatu na hali ya zamani, raundi tatu na hali mpya, kisha tunarudisha hali ya zamani na kukimbia tatu tena. Ile seti ya mwisho ndiyo watu wanaiona upotevu wa petroli, na ndiyo inayosema ukweli. Uwanja wa udongo unabadilika kila raundi. Asubuhi kuna vumbi laini juu linaloteleza, kufikia saa nne limefagiliwa na tairi limeshika udongo mgumu, mchana mashimo yameanza kwenye kona. Jumamosi moja tulibadilisha bomba la intakula likawa fupi zaidi, muda ukashuka kwa karibu sekunde nzima. Tulipolirudisha bomba la zamani, muda ukabaki pale pale. Uwanja ndio uliokuwa umepona, bomba halikufanya lolote. Bila seti ya tatu ningeandika hapa kwamba bomba fupi ni dawa.

Tena ninachukua wastani wa raundi tatu, siyo ile nzuri kuliko zote. Raundi moja nzuri ni ya dereva.

Kwa njia hiyo tuligundua kwamba, ukiondoa kurudi kwenye turbo ndogo, kilichotupa muda mwingi hakikuwa cha injini. Gari la kuvutwa na magurudumu ya mbele likitoka kwenye kona, tairi la ndani linapungukiwa uzito na kuzunguka bure, na difu ya kawaida inalipelekea hilo tairi bure nguvu yote uliyoihangaikia. Tulipofunga difu inayojibana, mpwa wangu alirudi akiwa anacheka. Kisha tukacheza na upepo wa matairi: nyuma PSI 32, mbele 26, na gari likaanza kugeuza mkia kwa kuachia mafuta tu, bila hendibreki.

Mchanganyiko wa mafuta tunausoma kwa sensa ya oksijeni, na turbo ikiwa imesukuma mpaka mwisho sikubali zaidi ya sehemu 12 za hewa kwa moja ya petroli. Lakini sensa ni moja na silinda ni nne. Kwa hiyo kila baada ya siku ya kupima nafungua plagi zote zikiwa bado vuguvugu, nazipanga kwenye kitambaa cheupe kwa mpangilio wake, na kuziangalia kwa kioo cha kukuzia. Natafuta vitone vidogo vinavyong'aa kwenye kauri nyeupe, kama chumvi iliyonyunyizwa. Hivyo ni aluminiamu ya pistoni, na ukiviona hata viwili injini haiendi uwanjani tena mpaka sababu ijulikane.

Plagi zile za Moshi ninazo bado, kwenye boksi la viberiti lenye tarehe. Ya silinda ya tatu ina vitone vinne. Jumamosi hii tunarudi Moshi na ramani mpya, tutaanza na 0.6 na kupanda kidogo kidogo, bomba la shaba likiwa sikioni.