Kabla ya Kununua Spea ya E-Class Kuukuu, Shika Mita

Mercedes E-Class ya W211, ile yenye taa nne za mviringo mbele, ilitengenezwa kuanzia 2002 hadi 2009. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 kuingizwa nchini, kwa hiyo hata zile zilizoshuka Kilindini mwisho mwisho kabisa zimeshakula miaka mingi ya barabara zetu. Ndiyo maana nyingine unazikuta zinauzwa kwa pesa ambazo zingekupatia Vitz. Lakini kilichoshuka ni bei ya gari tu. Spea zake bado ni za tajiri yule aliyelinunua likiwa jipya.

Mwenye gari hili, basi, hamudu fundi wa kubahatisha. Kwenye Corolla, ukibadilisha sensa isiyo na kosa utaumia kidogo na kusahau. Huku, sensa tatu za kujaribujaribu zinaweza kumeza ada ya mtoto ya muhula mzima, na taa ya injini bado inawaka.

Gari kama hili likiingia gereji kwangu, kitu cha kwanza ninachoshika ni mita ya umeme. Kompyuta baadaye. Betri iliyolala usiku kucha bila kuguswa inatakiwa isome kama volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki na chaji nusu. Injini ikinguruma, natarajia kati ya 13.8 na 14.5, chini ya hapo namtazama altaneta, ile inayochaji betri, kwa jicho baya. Kwa nini nianze hapo? Kwa sababu W211 imejaa kompyuta ndogo ndogo, ya breki, ya giaboksi, ya milango, ya viti, na zote zinaongea kwenye waya zilezile. Volti zikianguka unapopiga stata, kila moja inaandika malalamiko yake. Fundi anachomeka mashine, anasoma hitilafu kumi na tano, halafu anamwandikia mteja orodha ya spea kumi na tano.

Juzijuzi bwana mmoja wa Tudor, hapa Mombasa, aliniletea E240 ya namna hiyo. Dashibodi nzima inalalamika, giaboksi imeng'ang'ania gia ya pili. Alikuwa ameshanunua betri mpya na ameambiwa ajitayarishe kununua kompyuta ya giaboksi. Betri nikaipima, haina neno. Kwenye gari hili betri iko kwenye buti, kwa hiyo nilirefusha waya wa mita: ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, nikamwambia apige stata. Mita ikasoma volti 0.9. Pale hapatakiwi kuzidi 0.2 au 0.3. Maana yake umeme ulikuwa unapotelea njiani ukirudi kwenye betri. Nikaingia chini. Upo mkanda wa nyuzi za shaba zilizosukwa, ndio ethi inayounganisha injini na bodi. Kwa macho ulikuwa mzima kabisa. Nilipoupinda kwa kidole ukakatika, ndani yake unga wa kijani mtupu. Mkanda mpya, bodi ikasuguliwa pale unapofungwa mpaka chuma kikang'aa, grisi juu yake baada ya kukaza, hitilafu zikafutwa. Hazikurudi. Kompyuta ya giaboksi haina kosa lolote mpaka leo.

Hilo ni tatizo la Pwani hasa. Gari linalolala Nyali au Bamburi linapigwa na upepo wa chumvi usiku na mchana, na chumvi inaanza kula viungo vya umeme kabla hujaona kutu hata kidogo kwenye rangi. Ndugu zetu wa bara wanaweza wasikutane na jambo hili kwa miaka.

Betri ikifa kila baada ya siku mbili, kuna kitu kinakunywa umeme gari likiwa limezimwa. Kupima si kazi, ila kunataka subira. Ufunguo uuweke mbali, na kufuli la buti ulibonyeze kwa bisibisi mpaka lijione limefungwa, maana mita yako iko humo na buti lazima libaki wazi. Kisha ngoja nusu saa hivi, kompyuta zilale. Umeme unaoendelea kunywewa unatakiwa uwe chini ya miliampia 50. Ukizidi, unachomoa fyuzi moja moja hadi ushuke. Wengi hupima dakika ile ile waliyozima gari, wanaona namba kubwa, wanaanza kukata waya.

Sasa kuhusu hizo hitilafu zenyewe. Mashine ikisema P0171, inasema injini inapata hewa nyingi kuliko petroli. Haijasema sensa ya oksijeni imekufa. Sensa ndiyo iliyotoa taarifa, na wewe unataka kumfukuza mtoa taarifa. Angalia asilimia ya petroli inayoongezwa na kompyuta. Ikiwa ni kubwa, tuseme 20, gari likiwa limesimama, halafu inashuka ukikanyaga hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, tafuta hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma. Kwenye injini za V6 (silinda sita) za E240 na E320 mimi huanzia kwenye mipira ya kupumulia injini. Kwa joto letu inakauka na kupasuka chini, upande usioonekana. Mpira wenyewe si ghali. Ikiwa asilimia inabaki juu au inapanda ukikanyaga, hapo fikiria petroli yenyewe au sensa ya kupima hewa.

Vile vimashine vidogo vya bluetooth, vya kuunganisha na simu, ninavipenda kwa kazi hiyo. Lakini vingi huona injini tu. Breki, airbag na saspensheni ya hewa havizioni. Ukiambiwa gari halina hitilafu kwa kifaa hicho, umeambiwa nusu ya habari.

Breki zinahitaji tahadhari ya peke yake. W211 za kabla ya mabadiliko ya 2006 zina mfumo wa SBC, ambapo ukikanyaga pedali, kompyuta ndiyo inayoiamuru pampu. Mercedes waliyaita gereji magari 680,000 mwaka 2004, kisha milioni 1.3 mwaka 2005, mara hii ya pili kwa sehemu tu kwa sababu ya mfumo huo, na 2006 wakaurudisha E-Class kwenye breki za kawaida. Pampu ile inahesabu breki unazokanyaga, na ikifika kikomo inawasha onyo. Wapo wanaoifuta hesabu hiyo kwa bei ya chakula cha mchana. Mimi sifanyi, na anayetaka aende kwao. Jambo la pili ni vidole vyako. Mfumo huu unaamka mlango ukifunguliwa tu, ufunguo ukiwa mfukoni. Fundi yuko kwenye gurudumu anabadilisha pedi, kijana anafungua mlango achukue simu yake, na pistoni zinabana. Lazima uzimwe kwa kompyuta kwanza, hakuna mkato.

Giaboksi za gia tano zina plagi ya waya yenye mpira unaozeeka. Oili inavuja hapo na kupanda ndani ya waya mpaka kwenye kompyuta. Plagi ni ndogo na rahisi, ibadilishe pamoja na oili, na usimsikilize anayekwambia oili ya giaboksi ni ya maisha. Saspensheni ya hewa, kama gari lako linayo: likilala kona moja asubuhi, puliza maji ya sabuni kwenye mpira wa saspensheni wa kona hiyo, tafuta povu. Ukibadilisha kompresa ukaacha mpira unavuja, na hiyo mpya itaungua.

Na maji. Kisauni na Nyali visima vingi ni vya maji ya chumvi, na ndiyo hayo yanayomiminwa kwenye redieta, ati kwa sababu hapa hakuna baridi, kulanti ya nini. Kulanti inalinda alumini ya injini na kuchelewesha maji kuchemka, na kwenye foleni ya feri Likoni, AC ikiwa imewaka, utajua faida yake. Changanya nusu kwa nusu na maji ya betri yasiyo na asidi. Themostati nayo iache mahali pake. Fundi anayeitoa eti gari lipoe anaifanya injini isipate joto lake, na petroli inaisha bila kujua imekwenda wapi.

Kama bado hujanunua, mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. E200 Kompressor ikiwa baridi ndiyo inayotoa mlio wa cheni iliyolegea, sekunde chache tu, kisha inanyamaza. Weka mkono juu ya bonneti kwanza. Ukiikuta ya moto, panga naye asubuhi nyingine.