147,573,952,589,676,412,927: namba iliyodhaniwa tasa

Chukua 2 kwa kipeo cha 67, toa 1, utapata namba hiyo hapo juu yenye tarakimu 21. Mwaka 1644 mtawa Mfaransa, Marin Mersenne, aliiingiza kwenye orodha yake ya namba tasa, na ikakaa humo zaidi ya miaka 200.

Dhana: Kipeo kikiwa tasa, namba nayo ni tasa.
Hapana. 11 ni tasa, lakini 2 kwa kipeo cha 11 ukitoa 1 ni 2,047, yaani 23 × 89. Kilicho kweli ni kwamba kipeo kisipokuwa tasa, namba nayo haiwezi kuwa tasa.

Dhana: Kama si tasa, ukijaribu 3, 7, 11 na kuendelea utakipata kigawo upesi.
Kila kigawo cha namba hii, ukikigawanya kwa 134, lazima kibaki 1. Kwa hiyo 3, 7, 11 na wenzao wote wadogo wametolewa kabla hujashika kalamu. Kigawo chake cha kwanza baada ya 1 ni 193,707,721.

Dhana: Frank Nelson Cole ndiye aliyegundua kwamba si tasa.
Hii ndiyo inayoniuma, maana inamnyima Mfaransa Édouard Lucas haki yake. Mwaka 1903, kwenye mkutano wa wanahisabati jijini New York, Cole alionyesha kuwa namba hii ni 193,707,721 × 761,838,257,287. Kazi kubwa, na vigawo vyote viwili ni tasa. Lakini Lucas alikwisha thibitisha mwaka 1876 kwamba namba hii si tasa, bila kujua kigawo chake hata kimoja.

Watu wengi hudhani hilo haliwezekani. Tazama kipimo kilichotokana na kazi ya Lucas, na baadaye kikarahisishwa na mwanahisabati Mmarekani, Derrick Lehmer. Tuijaribu 127, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 7 ukitoa 1. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa 127, chukua baki tu. Kisha rudia na baki hiyo. Unapata 14, 67, 42, 111, halafu 0. Hatua ni tano, yaani 7 toa 2. Ukiishia kwenye 0, namba ni tasa. Usipoishia hapo, si tasa. Ukiipima 2,047 hivyo hivyo, hatua ya tisa inakuachia 1,736, na wala hukuhitaji kusikia habari za 23 wala 89. Kwa namba yetu hatua ni 65.

Kujua kwamba namba inagawanyika na kujua inagawanyika kwa namba ipi ni mambo mawili tofauti kabisa. Chukua 2 kwa kipeo cha 1277, toa 1: tarakimu 385. Kipimo kinasema si tasa, na hakuna aliyewahi kutangaza kigawo chake kati ya 1 na yenyewe.